Nesi Anajibu: Mashine ya Dripu Inayojua Kukataa

Mwezi uliopita niligusia pampu za dripu kwa mistari minne hivi, nikadhani nimemaliza. Barua zilizoingia zimenionesha kwamba sikuwa hata nimeanza. Nimefanya kazi ya unesi miaka thelathini na mbili hapa Dar es Salaam, nikianzia wodi ya watoto, kisha wazazi, na mwisho chumba cha wagonjwa mahututi. Suala hili la dawa kuingia mwilini kwa kasi isiyo yake limenikosesha usingizi kuliko jingine lolote katika kazi hii, kwa hiyo leo ukurasa wote ni wake. Barua nimezifupisha na majina nimeyaondoa.

Shikamoo sista. Mama yangu alilazwa wiki mbili. Kitandani kwake palikuwa na mashine ya dripu yenye kioo kama cha simu. Tuliambiwa ni pampu janja, haikosei. Lakini usiku ilikuwa inalia kila mara. Nesi anakuja, anabonyeza, anaondoka. Usiku mmoja niliibonyeza mwenyewe ikanyamaza, mama akalala. Nilikosea? Na ni kweli haikosei? — Binti wa Tabata Segerea

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza.

La kubonyeza, usirudie. Najua ulimhurumia mama. Lakini mlio ule unaweza kuwa na sababu nyingi: chupa inaisha, hewa imeingia kwenye mrija, mrija umekunjwa chini ya bega la mgonjwa, betri inakwisha, au kanula, ule mrija mdogo ulioingia mshipani, imeziba. Katika baadhi ya hali hizo pampu inakuwa imesimama kabisa, dawa haiendi. Ukiinyamazisha unazima sauti tu, dawa inabaki imesimama. Na zipo dawa, hasa zile za kupandisha presha ya mgonjwa aliye hoi, ambazo zikikatika dakika chache tu presha inaporomoka. Ikilia, mwite nesi. Asipokuja, mfuate. Akikununia, mfuate vilevile.

Sasa hilo la kutokosea. Mashine inayosukuma dripu ipo ya aina mbili. Ile ya kawaida ni kama punda: ukimpakia gunia moja anakwenda, ukimpakia manne anakwenda mpaka magoti yaishe. Haijui imebeba dawa gani wala inampelekea nani. Inajua namba uliyoiandika, basi.

Nitakueleza kilichonipata mimi. Hospitali siitaji. Alikuwa kichanga wa siku tano, kilo tatu kamili, ananyonya kwa shida, ameandikiwa maji ya dripu mililita 300 kwa saa ishirini na nne. Gawanya: mililita 12.5 kwa saa. Ilikuwa saa tisa usiku, niko peke yangu upande ule, na ile pampu ilikuwa kuukuu, kitufe chake cha nukta kimelika mpaka alama yake haionekani. Nilibonyeza moja, mbili, nukta, tano, nikabonyeza kuanza, nikageuka kwa mtoto wa kitanda cha pili aliyekuwa anatapika. Nukta haikuingia. Mashine ilisoma 125, ikaanza kumsukumia mtoto yule maji mara kumi ya aliyoandikiwa, bila kuguna.

Niliporudi ilikuwa imepita kama dakika ishirini. Kilichonishtua ni matone. Kwenye kile kikombe kidogo cha plastiki chini ya chupa, matone yalikuwa hayaonekani moja moja tena, yamekuwa uzi. Niliifunga kwa mkono unaotetemeka. Alikuwa ameshapata zaidi ya mililita arobaini. Tulimwita daktari, tukakesha naye, kope zake zikavimba kidogo, mpaka kesho yake jioni akawa salama. Mama yake nilimweleza mwenyewe, nimepiga magoti pembeni ya kitanda chake. Leo ni zaidi ya miaka ishirini na bado nikiandika namba yenye nukta naisoma kwa sauti.

Pampu janja imetengenezwa kwa ajili ya usiku kama ule. Ndani yake kuna orodha ya dawa, wengine huiita maktaba ya dawa, iliyoandaliwa na mfamasia, madaktari na manesi wa hospitali. Nesi anachagua wodi, anachagua dawa kwa jina, anaingiza uzito wa mgonjwa, ndipo anaandika dozi. Kila dawa ina mipaka ya aina mbili. Mpaka wa kwanza ni wa kuonya: ukiuvuka mashine inauliza una uhakika, na ukithibitisha inaendelea. Wa pili ni ukuta: mashine inakataa, huanzishi kitu mpaka uandike upya. Ningeandika 125 kwa kichanga wa kilo tatu kwenye pampu ya namna hiyo, na ukuta wake ukiwa umewekwa sawasawa, isingetoa hata tone.

Kwa hiyo jibu langu kwako ni kwamba inakosea, ila kuna makosa fulani ya mkono wa binadamu inayaona kabla hayajafika kwenye mshipa. Yenyewe pia ni mashine, inaharibika. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilipokea taarifa takriban 56,000 za matatizo yaliyohusishwa na pampu za dripu kati ya 2005 na 2009, na katika miaka hiyohiyo pampu ziliitwa zirudishwe au zirekebishwe mara 87. Mojawapo ya kasoro zilizotajwa ni kitufe kinachobonyezwa mara moja kikahesabu mara mbili. Niliposoma hilo niliikumbuka nukta yangu.

Shikamoo sista. Mimi ni muuguzi, nina mwaka mmoja na nusu kazini, hospitali moja hapa jijini. Tumeletewa pampu zenye orodha ya dawa. Kila zamu zinatoa maonyo, hata kwa dozi za kawaida kabisa. Wenzangu wanabonyeza "endelea" bila kusoma. Wengine hawafungui hiyo orodha, wanaandika mililita kwa saa kama zamani kwa sababu ni haraka, na tuko wawili kwa wagonjwa arobaini. Juzi nami nilibonyeza "endelea" kwenye dripu ya oksitosini. Nilifika mlangoni, nikarudi kuikagua. Ilikuwa sawa. Lakini sijatulia tangu siku hiyo. Nifanye nini? — Nesi mdogo, Temeke

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu. Ule mguu uliokurudisha kutoka mlangoni, usiuache ukafa.

Nianze na oksitosini, maana umenigusa wodi niliyokaa miaka kumi na moja. Dawa ile ni moja, kichupa ni kilekile, wodi ni ileile, lakini ina kazi mbili zisizofanana hata kidogo. Ukiwa unaanzisha uchungu, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka uniti 2.5 kwenye maji nusu lita, uanze na matone 10 kwa dakika, upandishe taratibu kila nusu saa huku unapima uchungu na mapigo ya mtoto. Mama akishajifungua na anavuja damu, ni uniti 20 kwenye lita moja, matone 60 kwa dakika. Piga hesabu uone: dawa inayoingia kwa dakika katika dripu ya pili ni mara 24 ya ile ya kuanzia, kwa sababu matone ni mengi zaidi na kila tone lina dawa nyingi zaidi. Dripu ya anayevuja damu ikienda kwa ambaye mtoto bado yuko tumboni, mfuko wa uzazi unakaza bila kuachia, mtoto anakosa hewa, na mfuko wenyewe unaweza kupasuka. Ndiyo maana kwenye orodha ya pampu oksitosini haifai kuwa mstari mmoja. Inatakiwa iwe miwili, "kuanzisha uchungu" na "kuvuja damu baada ya kujifungua", kila mmoja na mipaka yake. Kesho ukiingia kazini angalia kwenu iko mingapi. Ukikuta mmoja, umeshapata sababu ya lile onyo lako: mipaka imebanwa kwa kazi moja, na ninyi mnaitumia kwa zote mbili.

Hapo ndipo penye kiini cha swali lako. Pampu inayoonya kila saa huwa imeandikiwa orodha isiyo yenu. Mara nyingi imekuja nayo kutoka ilikotoka, na huko wanachanganya dawa kwenye sirinji ya mililita 50, ninyi mnachanganya kwenye chupa ya 500. Wao dozi wanaiandika kwa kilo kwa dakika, daktari wenu anaiandika kwa saa. Mashine haina kosa, inalinganisha mgonjwa wa Temeke na karatasi ya watu wengine. Nesi akishaonywa uongo mara ishirini, la ishirini na moja ambalo ni la kweli atalibonyezea "endelea" kwa kidole kilekile. Si kwamba ni mzembe. Tumemfundisha wenyewe kwamba onyo halina maana.

Fanya hivi. Chukua daftari dogo, lile la mfukoni. Kwa wiki moja, kila onyo likitokea andika dawa, dozi iliyoandikwa na daktari, mmeichanganya kwenye maji kiasi gani, na mashine imesema nini. Usiandike jina la mgonjwa wala la mwenzako, hili si daftari la kushitaki mtu. Likifika siku ya saba mpelekee inchaji wako, msimamizi wa wodi, na umwombe mwende wote kwa mfamasia. Waambie pia kwamba pampu yenyewe ina kumbukumbu, imehifadhi kila kitufe kilichobonyezwa na kila onyo lililorukwa, na fundi wa vifaa tiba anaweza kuitoa. Manesi kumi wakiruka onyo lilelile, basi mpaka ule umewekwa vibaya na urekebishwe wiki hiyohiyo. Kama ni nesi mmoja tu anayeruka, mkae naye, afundishwe. Inchaji akikwambia "ninyi vijana mna maneno", rudi wiki ijayo na daftari likiwa na kurasa zaidi. Mimi nilikuwa inchaji, najua tunavyochoka, na najua karatasi yenye hesabu inavyotunyamazisha.

Wale wanaoandika mililita kwa saa bila kuchagua dawa, waambie kwa upendo kwamba wameigeuza pampu janja kuwa punda. Mashine haina jina la dawa, kwa hiyo haina mpaka wa kulinda.

Wasimulie kilichotokea Edmonton, Kanada, mwaka 2006, kisa ambacho kilichunguzwa na ripoti yake kuwekwa wazi ili wengine wajifunze. Mama mmoja mwenye saratani aliandikiwa dawa iitwayo fluorourasili, iingie polepole kwa siku nne kupitia pampu ndogo ya kwenda nayo nyumbani. Kasi sahihi ilikuwa mililita 1.2 kwa saa. Nesi alipiga hesabu akapata 28.8, ambayo ni ya siku nzima, akasahau kugawanya kwa 24. Alipotazama lebo ya dawa, namba 28.8 ilikuwepo, kwa sababu lebo ilionesha ya siku na ya saa pamoja. Alipoiona akaamini yuko sahihi. Nesi wa pili alikagua, naye akapitisha. Dawa ya siku nne iliisha kwa saa nne. Yule mama alifariki wiki chache baadaye.

Mwanangu, tazama pale kwenye ukaguzi wa pili. Ukimwonesha mwenzako jibu lako ukamuuliza "si ndiyo?", umemwomba akubali, na atakubali, kwa sababu anakuheshimu na ana haraka. Mpe karatasi ya dawa na chupa, jibu lako lifiche, apige hesabu yake mwenyewe tangu mwanzo. Ndipo mlinganishe. Dakika mbili. Kwa potasiamu, insulini, heparini, mofini, oksitosini na dawa za saratani, dakika hizo mbili zitafute hata kama wodi inawaka moto.

Kuna mambo ambayo hata pampu yenye orodha nzuri haiwezi kuyajua. Haijui kama mgonjwa aliye kitandani ndiye mwenye faili. Haijui kama ndani ya chupa mna kile kilichoandikwa kwenye plasta uliyobandika. Ukiandika kilo 70 kwa mtoto wa kilo 7, inaweza kuhesabu dozi ya mtu mzima na kuiona ni halali. Mgonjwa akiwa na dripu mbili au tatu, usiamini macho: shika mrija kwa vidole kuanzia kwenye chupa, ufuate mpaka kwenye pampu, uendelee mpaka kwenye mkono wa mgonjwa. Nilimwona sista mmoja mzee akifanya hivyo mwaka wangu wa kwanza, nikadhani ni mazoea ya kizee. Siku aliyoikuta mirija miwili imebadilishana nilielewa.

Na daktari akikwambia "bonyeza tu, mimi ndiye nimeandika", usibishane. Mwambie: "Daktari, mashine imekataa, naomba tuhesabu pamoja." Tumia "tuhesabu". Sijawahi kukutana na daktari aliyekataa neno hilo mbele ya mgonjwa.

La wagonjwa arobaini kwa manesi wawili siwezi kulipamba. Linaniumiza. Hospitali inanunua pampu za mamilioni, halafu haiwatengei manesi siku moja ya kufundishwa, wala haimlipi mtu wa kuiangalia ile orodha baada ya mwaka dawa zinapobadilika. Wakurugenzi mnaosoma ukurasa huu, pampu bila mafunzo mmenunua kioo kinachowaka.

Umeme ukikatika, mashine hizi zinaua? — Baba wa Kigamboni

Hapana, zina betri ndani yake. Ikiwa nzima na imechajiwa hubeba saa kadhaa. Betri ikizeeka hushika chaji muda mfupi sana, na huwezi kuijua kwa kuitazama, ndiyo maana pampu zikae kwenye umeme hata zikiwa hazina mgonjwa.

Lakini baba, adui wa betri si kukatika kwa umeme peke yake. Ni sisi tunaokuja kuona wagonjwa. Mara ngapi nimeingia wodini saa kumi jioni, muda wa kuona wagonjwa, nikakuta plagi ya pampu iko sakafuni na simu ya mtu inachaji mahali pake! Saa mbili usiku pampu inalia, ndugu wameshapanda daladala. Chaji simu yako nyumbani.

Mume wangu alilazwa na dripu yake ilikuwa inaning'inia tu, nesi anazungusha kigurudumu kwa mkono. Jirani yetu kwingine aliwekewa mashine. Tulitibiwa kimaskini? — Mama wa Mbagala Rangi Tatu

Hapana dada yangu. Maji ya kawaida ya chumvi kwa mtu mzima ambaye moyo na figo zake ni nzima yanaweza kwenda vizuri kabisa kwa mkono, mradi nesi anahesabu. Lita moja ikitakiwa iishe kwa saa nane, na mrija ni ule wa matone 20 kwa mililita, ni matone 42 kwa dakika. Ukimwona nesi amesimama kimya anatazama kikombe cha matone na saa yake kwa pamoja, usimsemeshe, anahesabu. Mirija ya watoto ina matone madogo, 60 kwa mililita, na hapo hesabu hurahisika: matone kwa dakika ni sawasawa na mililita kwa saa.

Udhaifu wa mkono ni kwamba kasi haikai. Mgonjwa akikunja kiwiko inapungua, akienda msalani na chupa ikashushwa inabadilika, akirudi kulala inabadilika tena. Kwa maji ya kawaida hilo linavumilika. Kwa potasiamu kwenye dripu, insulini, dawa za presha, au kichanga wa kilo mbili, mashine inatakiwa, na una haki ya kuuliza. Uliza hivi: "Sista, hii ni dawa gani, na iishe saa ngapi?" Andika saa hiyo kwenye simu yako. Chupa ya saa nane ikiisha kwa saa mbili, au saa nane zikapita na bado imejaa, umeshajua la kumwambia. Kigurudumu usikizungushe wewe.

Mwanangu alitundikiwa dripu kwa mashine, mkono ukavimba kama mkate, na mashine haikulia hata mara moja. Ilikuwaje? — Mama Ubungo

Pole sana mama. Kanula ilitoka kwenye mshipa, maji yakawa yanaingia kwenye nyama. Pampu hulia ikikutana na ukinzani mkubwa ndani ya mrija, na nyama ya mkono, hasa wa mtoto, ni laini, inapokea maji bila ukinzani wa kuishtua. Kwa hiyo inaendelea kusukuma, taa ya kijani, kimya. Hilo hata pampu janja haina macho nalo. Mkono wa mtoto mwenye dripu usifunikwe na khanga. Mguse kila nusu saa juu ya plasta: ukiwa wa baridi kuliko mwingine, umekaza, ngozi inang'aa, au mtoto analia ukiugusa, mwite nesi hapohapo aifunge, hata kama amekuja dakika tano zilizopita na kusema iko sawa.